Puli Iliyochukua Nafasi ya Kompresa



Juma hili tunaomba mtuvumilie tukiandika juu ya jambo lisilokuwamo katika kalenda ya liturujia, nalo ni puli. Waamini wengi wametuuliza, baada ya Misa na kwa njia ya simu, kwa nini gari la parokia siku hizi linapita na madirisha wazi hata wakati wa vumbi, na wengine hawakungoja jibu bali wamekwisha kujitungia lao. Yupo anayesema kwamba paroko amefilisika. Yupo anayesema paroko ameweka nadhiri. Majibu yote mawili yana utamu wake wa kusimulia jioni, ila ukweli hayana. Kompresa ya kiyoyozi ilikufa, na mahali pake pamewekwa puli tupu, yaani gurudumu dogo la chuma ambalo kazi yake ni kuzunguka tu bila kuendesha chombo chochote. Kwa kuwa gari ni mali ya parokia, na fedha zilizotumika zilitoka mifukoni mwenu, ni haki yenu kujua yaliyotendeka na sababu zake.

Gari lenyewe mnalifahamu. Ni Toyota Noah, mojawapo ya yale yaliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu, na watoto wa Utoto Mtakatifu hawachoki kutukumbusha kwamba Noah ndiye Nuhu, na kwamba safina haikuwa na kiyoyozi. Tunawaachia hoja hiyo. Lile Land Cruiser la dizeli lililotangulia, ambalo wazee wanalikumbuka, lilikuwa na mikanda kadhaa mbele ya injini, na kiyoyozi kilikuwa na mkanda wake peke yake. Kompresa ilipokufa, fundi wa wakati ule aliutoa mkanda huo, akafunga boneti, na safari ikaendelea kwa miaka mingi bila mtu kuulizwa. Ndiyo maana wazee kadhaa walishangaa kusikia kwamba safari hii kumekuwa na vikao. Walidhani kiyoyozi ni pambo, na pambo likiharibika huondolewa.

Katika Noah hali ni nyingine. Mbele ya injini kuna mkanda mmoja mrefu, unaojipinda kama nyoka kati ya puli kadhaa. Puli ya krenki, iliyo chini, ndiyo inayouvuta. Huo mkanda mmoja unazungusha alteneta inayochaji betri, unazungusha pampu ya maji inayopooza injini, na unazungusha kompresa ya kiyoyozi. Tenshena yenye springi inaushika ili usilegee. Wote wanaishi kwa mkanda mmoja, kama nyumba iliyofunga balbu zote kwenye waya mmoja. Mkanda ukikatika, taa ya betri inawaka kwenye dashibodi, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba pampu ya maji imesimama, na katika joto la Bonde la Kilombero dereva ana dakika chache tu za kuzima injini kabla gasketi ya silinda hedi haijaungua.

Jambo ambalo madereva wengi hawalijui, na ambalo sisi pia tulielezwa na fundi, ni hili: puli ya kompresa huzunguka wakati wote injini inapounguruma, hata kama kiyoyozi kimezimwa. Ndani yake kuna beringi, na mbele yake kuna bamba linaloitwa klachi. Ukibonyeza swichi ya kiyoyozi, umeme unaingia kwenye koili, koili inakuwa sumaku, sumaku inalivuta bamba hadi ligande kwenye puli, na hapo ndipo kompresa yenyewe inapoanza kufanya kazi. Ukizima, bamba linaachia na puli inabaki ikizunguka peke yake. Kwa hiyo mtu anayejifariji akisema, “Kiyoyozi kimekufa lakini nimekizima, hakuna neno,” hujua nusu tu ya habari. Kama kilichokufa ni sehemu za ndani peke yake, huenda kweli hakuna neno. Kama ni beringi ya puli, amebeba mbele ya injini kitu kinachosaga na kupata moto kila mita anayokwenda.

Kelele ilianza mwezi wa Novemba, majira ambayo mpunga wetu haujapandwa na hewa yote bondeni imesimama kama maji ya kisima. Ilikuwa sauti ya mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Tulizima kiyoyozi, sauti haikunyamaza. Tukalipeleka gari kwa fundi wetu, mzee aliyekwisha kupita miaka 60, Mwislamu wa swala tano, ambaye karakana yake ni mwembe mmoja na turubai.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Padre. Hilo gari linalia. Nimelisikia tangu kona ya mashine ya mpunga.”

Aliulegeza mkanda akautoa, kisha akaizungusha puli ya kompresa kwa mkono. Ilikwaruza. Akaishika juu na chini, akaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto. Halafu akajaribu kuzungusha bamba la mbele, lile la klachi, nalo halikutikisika kabisa. Alitutazama kwa namna ambayo madaktari huwatazama ndugu wa mgonjwa kabla ya kufungua kinywa. Beringi ilikuwa imekwisha, na kompresa nayo ilikuwa imeshikana ndani. Yalikuwa magonjwa 2 katika mwili mmoja.

Kama lingekuwa la beringi tu, makala haya yasingeandikwa. Beringi ya puli hung’olewa na nyingine ikapachikwa kwa gharama ndogo, pasipo kugusa gesi wala mabomba. Lakini kompresa iliyosagika ndani haifi peke yake. Mafuta yake husafiri pamoja na gesi katika mfumo mzima, na vipande vya chuma husafiri pamoja na mafuta. Baadaye, mabomba yalipofunguliwa, fundi alipaka mafuta yaliyotoka kwenye karatasi nyeupe: yalikuwa ya kijivu, yenye vumbi linalometa juani. Maana yake ni kwamba anayefunga kompresa nyingine bila kusafisha mabomba, bila kubadili chupa ndogo ya kukaushia unyevu na valvu ya kupoozea, na mara nyingi kondensa pia, kwa sababu vijia vyake vyembamba havisafishiki vizuri, anaipeleka kompresa hiyo kaburini kwa njia ileile. Tuliambiwa kwamba Gerezani, Dar es Salaam, kompresa zilizotumika zinapatikana kwa bei ya kuvumilika. Ni kweli. Lakini kompresa ilikuwa sehemu moja tu ya hesabu, na wahenga walikwisha kusema kwamba rahisi ni ghali.

Hesabu yote ilipojumlishwa, pamoja na gesi, usafiri na ujira, ilikaribia posho ya makatekista wetu wote kwa miezi 4. Tunaiandika hivyo kwa makusudi, maana ndivyo ilivyosomwa mbele ya Halmashauri ya Walei. Shilingi peke yake haisemi kitu mpaka uiweke karibu na jambo ambalo lingefanywa nayo.

Hapa turuhusiwe kutoka nje ya njia kidogo. Kiyoyozi chenyewe hakikuzaliwa kwa ajili ya starehe ya mtu. Mwaka 1902 mhandisi kijana Mmarekani, Willis Carrier, alitengeneza mfumo wa kudhibiti unyevu katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York, kwa sababu karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa na rangi zikashindwa kuangukiana. Kilichotafutiwa nafuu kwanza kilikuwa karatasi. Katika magari, kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kuuza kiyoyozi cha kiwandani mwaka 1939, na mfumo ule haukuwa na klachi. Dereva aliyetaka kukizima alipaswa kusimamisha gari, kuzima injini, kufungua boneti na kuutoa mkanda wa kompresa kwa mikono yake. Fundi wetu alicheka sana tulipomsimulia. Alisema, “Basi mimi nimechelewa kuzaliwa, Padre. Kazi yangu waliifanya matajiri.”

Turudi kwenye Halmashauri. Kikao kilifanyika Jumapili baada ya Misa ya pili, na kilikuwa kirefu kuliko kile cha kupanga somo wa parokia. Mwenyekiti, mtu mwema na mwenye kuliheshimu Kanisa, alisema kwamba haifai paroko kufika kigangoni amelowa jasho na nywele zimejaa vumbi, kwani ni aibu ya waamini wote. Alipendekeza mchango wa kila jumuiya ndogondogo. Kijana mmoja wa VIWAWA alisimama upande wa pili akiwa na simu mkononi. Alitukumbusha kwamba Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwezi Aprili 2025, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, namba 55, alitaja ongezeko la matumizi ya viyoyozi kuwa mfano wa desturi za ulaji zinazodhuru mazingira. Kwa hiyo, alisema kijana yule, puli tupu ni utii kwa waraka, na paroko wetu apongezwe.

Tuliwashukuru wote wawili, lakini hatukuridhika na hoja yoyote kati ya hizo. Kuhusu aibu: jasho la paroko si deni la jumuiya ndogondogo, na mjane wa kigango cha mbali asichangishwe ili sisi tufike na kola kavu. Kuhusu pongezi: waraka ule, kama tunavyousoma, unazungumza na soko linalochochea mahitaji kwa kuuza zaidi na zaidi, haukumlenga mgonjwa wa shinikizo la damu anayesafirishwa saa nane mchana bondeni. Tena mtu anayeketi mbele kando ya dirisha lililo wazi, akipigwa na upepo, asijihesabie ufukara. Huo ni upepo tu.

Aliyesema lililo kiini alikuwa Mama Mwenyekiti wa WAWATA, muuguzi mstaafu, ambaye husema mara chache. Hakusimama. “Baba Paroko,” alisema, “wewe unaketi mbele. Mgonjwa analala nyuma. Kioo cha nyuma kabisa hakishuki. Mnapojadili jasho, mjue ni la nani.”

Ukumbi ulinyamaza. Ninyi mnajua gari hili linafanya nini. Kwa kila safari ya Misa ya kigango kuna safari nyingine ya kumpeleka mtu hospitali Ifakara: mama aliyeshikwa na uchungu, mzee aliyeishiwa pumzi, kijana aliyeanguka na pikipiki. Viti vya nyuma vinalazwa, godoro linatandikwa, na matundu ya hewa baridi yaliyo darini mwa gari ndiyo yaliyokuwa yakimfikia mgonjwa. Dereva na paroko walikuwa wakipata ziada yake. Kwa hiyo swali halikuwa tena kama paroko aweza kuvumilia joto. Anaweza, alilelewa nalo. Swali lilikuwa kama parokia inaweza kuamua kwa niaba ya mtu asiyekuwamo kikaoni, ambaye hajui bado kwamba juma lijalo atalazwa kwenye godoro lile.

Hata hivyo gari lililosimama chini ya mwembe halimpelekei mtu yeyote hewa, wala ya baridi wala ya moto. Siku za kikao zilikuwa tayari ni za pili tangu familia moja ikodi bodaboda kumpeleka mgonjwa wao, mmoja akiendesha na mwingine akimshika kwa nyuma. Halmashauri iliamua hivi: gari lirudi barabarani mara moja kwa njia ya puli, posho ya makatekista isiguswe, na mfumo wa kiyoyozi ufungwe kwa namna ambayo kompresa itaweza kurudishwa siku parokia itakapokuwa na uwezo. Sharti hilo la tatu liliongezwa na Mama Mwenyekiti wa WAWATA, nalo ndilo lililoamua aina ya kazi iliyofanywa.

Kwa maana njia za kuikwepa kompresa ni zaidi ya moja. Ya kwanza ni kufunga mkanda mfupi unaopita kando. Fundi alipima kwa kamba, akiizungusha kwenye puli zote isipokuwa ile ya kompresa, na hakuipenda njia ile: katika injini yetu mkanda mfupi ungeikumbatia puli ya pampu ya maji kwa sehemu ndogo, na mkanda usioikumbatia puli vizuri huteleza. Mteremko wa kutoka kigangoni si mahali pa kugundua kwamba pampu ya maji inateleza. Njia ya pili ni kuitumia kompresa iliyokufa kama kishikizo: unaondoa bamba la klachi na koili, unapachika beringi mpya ndani ya puli ileile, nayo inazunguka juu ya pua ya kompresa bila kuigusa roho yake. Ni njia nzuri na ya bei nafuu, na yeyote mwenye tatizo kama letu aiulize kwanza. Kwetu ilishindikana kwa sababu beringi ya zamani ilikuwa imezunguka juu ya pua hadi kuila, na beringi mpya ingekaa ikilegalega.

Ikabaki ya tatu: kuitoa kompresa yote, na kutengeneza puli ya kukaa mahali pake, yenye kipenyo kilekile, ili mkanda uleule uendelee kutumika na njia yake isibadilike. Katika nchi nyingine puli za namna hii huuzwa madukani zikiwa tayari, zimefungwa kwenye breketi yake, kwa baadhi ya magari. Yetu ilitengenezwa na fundi kereza. Alikata bamba nene la chuma, akatoboa matundu yaliyoelekeana na yale ya bolti za kompresa, akapachika ekseli fupi, na juu yake akaweka puli aliyoikereza kwa chuma kigumu, yenye mifereji iliyolingana na mbavu za mkanda. Ndani aliweka beringi za namba 6203, yaani za milimita 17 kwa ndani, 40 kwa nje na 12 kwa unene, zilizozibwa kwa mpira pande zote ili vumbi letu lisiingie. Aliweka 2 mahali ambapo wengine wangeweka 1. Tulipouliza sababu, alisema mkanda huvuta upande mmoja saa zote, na beringi moja huchoka kwa kupinda kabla ya kuchoka kwa kuzunguka. Puli ya kompresa mara nyingi huzunguka kwa kasi kuliko injini yenyewe, kwa hiyo si mahali pa kuweka beringi ya toroli.

Siku ya kufunga, mkanda ulilia. Ulikuwa mlio mwembamba, wa kuudhi kama mbu wa saa tisa usiku. Kijana wa karakana alitaka kuupulizia dawa ya mikanda. Mzee alimzuia, akaweka rula ndefu ya chuma kwenye uso wa puli ya krenki hadi puli mpya, akatuonyesha mwanga uliopita kati ya rula na chuma: milimita 2. Puli ilikuwa imetokeza mbele. “Ukiupaka dawa unauziba mdomo,” alisema, “lakini bado unaumwa.” Breketi ilirudi kwa fundi kereza, ikapunguzwa, na mlio haukusikika tena.

Kuhusu gesi, tunapenda kusema neno, kwa sababu ni mahali ambapo karakana nyingi hukosea na hakuna anayeona. Desturi ni kufungua nati, gesi ikatoka kwa kishindo, watu wakarudi nyuma wakicheka, basi. Magari mengi yaliyoko kwetu yanatumia gesi ya R-134a. Ilichukua nafasi ya R-12, iliyokuwa ikilidhuru tabaka la ozoni na kuanza kudhibitiwa kwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. R-134a haidhuru ozoni, lakini kilo yake moja ikitoka hewani inaongeza joto la dunia kama kaboni dioksaidi ya zaidi ya kilo 1,300, ikipimwa kwa miaka 100. Ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwezi Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo, na makubaliano hayo yakaanza kazi tarehe 1 Januari 2019. Tulimwomba fundi majokofu wa mjini aje na mashine yake na mtungi, akaivuta gesi yote iliyokuwa imebaki. Yule kijana wa VIWAWA alikuwapo, na tulimkumbusha kwa upole kwamba hapa ndipo namba 55 inapopata mikono. Baada ya hapo midomo ya mabomba ilizibwa kwa vizibo na kufungwa imara, ili unyevu na vumbi visiingie. Waya wa klachi ulitolewa, ukafunikwa na kufungwa mbali na mkanda. Na fyuzi yake ikaondolewa, mtu asije akabonyeza swichi kwa mazoea.

Tangu hapo gari limetembea vizuri. Injini ni nyepesi kidogo kwenye mlima, kwa kuwa kompresa hula nguvu. Bolti zilikaguliwa baada ya kilomita 500, na dereva wetu ameagizwa kuigusa puli kila Jumamosi baada ya safari, injini ikiwa imezimwa: vuguvugu ni sawa, ya kuunguza si sawa.

Ugumu ambao wengi hawakuutarajia ulikuja na masika. Kiyoyozi hakipoozi tu, bali hukausha hewa pia. Maji yanayodondoka chini ya gari lenye kiyoyozi ni unyevu uliotolewa ndani. Bila hicho, watu 7 wenye nguo zilizoloa wakipumua ndani ya gari lililofungwa, kioo cha mbele kinakuwa ukungu mtupu ndani ya dakika 2. Ni hatari kuliko joto. Dawa yake ni kuwasha hita, naam, hita, na kuelekeza hewa ya moto kwenye kioo huku madirisha mawili yakiwa yameachwa wazi kidogo. Abiria hulalamika kwamba wanapikwa. Tunawajibu kwamba dereva anaona. Kioo kisafishwe pia kwa ndani, kwa kuwa mafuta na vumbi hukamata ukungu haraka. Katika karakana na hata katika nyumba ya mapadre, watu huosha nje tu.

Safari za wagonjwa zinazoweza kupangwa sasa huanza saa kumi na moja alfajiri. Vioo vya nyuma vimewekewa pazia la kitenge jeupe, zawadi ya WAWATA, na godoro limehamishwa upande usiopigwa na jua la mchana. Zile zisizopangika haziulizi saa.

Mama Mwenyekiti wa WAWATA hakuishia kwenye pazia. Alitundika kipimajoto nyuma ya gari, pale kichwa cha mgonjwa kinapokuwa, na dereva akapewa daftari la shule lenye mistari: tarehe, saa ya kuondoka, nyuzi, na kama aliyebebwa alikuwa mgonjwa, maiti au mifuko ya saruji. Ametukataza kuandika sisi. Anasema aliye mbele asisomee aliye nyuma. Tumelipitia daftari hilo Jumatano iliyopita. Alfajiri nyingi zinasoma nyuzi 25 au 26. Kuna mstari mmoja wa mwezi Februari, saa nane na nusu mchana, safari ya mama mjamzito, unaosoma 41, na kando yake dereva ameandika kwa kalamu nyekundu neno ambalo haliko kwenye mistari: “Alitapika.”

Mtoto alizaliwa salama, na amekwisha kubatizwa. Kompresa ya zamani iko stoo, ndani ya boksi la mvinyo wa Misa, pamoja na bolti zake 4 kwenye kopo la dawa. Halmashauri inakutana Jumapili baada ya Misa ya pili, na Mama ameomba apewe dakika 10 za kwanza. Anakuja na daftari.